Makumbusho ni Kukumbushwa: Safari ya Familia Zetu Kutoka Suam Hadi Kitale

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia wanadamu kuwa mataifa na makabila ili wapate kujuana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu wa pwani, leo twawaandikia kutoka mbali. Suam ni kituo cha mpakani baina ya Kenya na Uganda, kando ya mto wenye jina hilo hilo, upande wa kaskazini wa Mlima Elgon. Ukitoka hapa na kupitia Endebess, wafika Kitale. Huku hakuna minazi wala upepo wa bahari. Kuna mashamba ya mahindi, baridi ya alfajiri inayomfanya mtu aufikirie udhu mara mbili, na malori yanayongojea kuvuka. Kazi ya kusomesha watoto ndiyo iliyotuleta, na kwa kila hali twamshukuru Mola.

Katika likizo ya shule iliyopita, kina mama wa madrasa zetu za Suam, Kitale na Bungoma waliazimia jambo ambalo hawajawahi kulifanya. Kwa miezi kadhaa walichanga kidogo kidogo, wengine kutokana na biashara ya maandazi na wengine kutokana na kushona, wakakusudia kuwapeleka watoto Nairobi wakaone jumba kubwa la makumbusho. Hesabu ilipofanywa, ikaonekana fedha zawatosha nusu tu ya watoto kwenda Nairobi, au watoto wote pamoja na mama zao kwenda Kitale. Mama mmoja mtu mzima akasema: "Tukianza kuchagua, watakaobaki ni wale wale wanaobaki kila siku." Basi ikawa Kitale, na hakuna aliyejuta.

Maswali ya kina mama

Kabla ya safari tulikaa kikao baada ya sala ya alasiri. Mama wa kwanza aliuliza: "Sheikh, huko si ndiko kwenye masanamu? Tutawapelekaje watoto wa madrasa?" Wa pili akasema: "Sisi wanawake tukitoka ni kwenda arusini au matangani. Leo tukionekana tunatembea kutazama vibuyu, watu watasemaje?" Wa tatu, ambaye ndiye mweka hazina, akasema kwa upole kwamba fedha zile zingenunua misahafu. Hatukuliona hata moja katika maswali hayo kuwa dogo, kwa kuwa tunajua yanaulizwa pia Mombasa, Malindi na Lamu.

Kwa swali la kwanza tulijibu hivi. Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimewahimiza watu, si mara moja wala mbili, watembee katika ardhi na watazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Waliotangulia hao hawakuwa wacha Mungu wote. Wengi walikuwa wakanushaji, na kilichobaki kwao ni magofu. Hata hivyo tumeambiwa tutazame, kwa sababu kutazama kwa mazingatio si kuabudu. Mzazi akikutana na kitu ambacho hapendi mwanawe akikazie macho, ana ulimi wa kumweleza na ana miguu ya kupita.

Kwa swali la pili tuliwakumbusha kina mama kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim. Siku ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza na mikuki yao msikitini Madina. Mtume (s.a.w.) alisimama akimsitiri Bi Aisha (r.a.), naye akawatazama mpaka mwenyewe akatosheka. Mtume hakumharakisha, wala hakumwambia kwamba mila za Wahabeshi hazimhusu. Ikiwa bora wa viumbe alisimama ili mkewe atazame mchezo wa watu wa taifa jingine, ni nani sisi wa kumwambia mama wa Kiislamu, aliyejisitiri na aliye katika kundi la wenzake, kwamba kutoka kwake kuna aibu?

Kwa swali la tatu tulisema kwamba misahafu tunayo, alhamdulillahi, na ikipungua tutachanga tena. Lakini litazameni neno lenyewe. Lugha yetu ilipolitafutia jina jumba hili, haikuliita nyumba ya vitu vya kale. Iliita makumbusho, kutokana na kukumbusha. Mtume wetu ametajwa katika Qur'ani kuwa ni mkumbushaji, na dhikri maana yake ni kukumbuka. Jumba linalokumbusha si mahali pa kupoteza fedha, maadamu mwenye kuingia yu tayari kukumbushwa. Tulilisema hilo kwa wepesi sana, wala hatukujua kwamba sisi wenyewe ndio tutakaokumbushwa kwanza.

Mkusanyo wa mtu mmoja

Makumbusho ya Kitale yana historia inayofaa kuzingatiwa. Luteni Kanali Hugh Stoneham, Mwingereza aliyekaa sehemu hizi, alikuwa na mapenzi makubwa ya kukusanya wadudu, ndege, wanyama na vitabu. Mwaka 1926, mwaka ambao reli nayo ilifika Kitale, alianzisha makumbusho yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wasia kwamba mkusanyo wake uwe mali ya taifa, na akaacha fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa Desemba 1974, likaitwa Makumbusho ya Taifa ya Magharibi mwa Kenya.

Sisi tunaojua maana ya wakfu hatuwezi kukipita kitendo hiki bila kukitafakari. Mtu ambaye si wa dini yetu aliikusanya hazina yake maisha yake yote, kisha hakuifungia kwa warithi wake, bali aliwaachia wote. Lakini haki nyingine ni kusema kwamba alikaa katika nchi ambayo serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi, na wenyeji wake wakasukumwa kando. Mema hayafuti hilo, na hilo halifuti mema. Mtoto anaweza kuyashika yote mawili, akielezwa na mtu anayemwamini.

Watoto walianza kwa wadudu. Walisimama mbele ya masanduku ya vioo yenye vipepeo wa rangi ambazo hata washona kanga hawajazifikiria, wakawa wanagombea kuhesabu. Tuliwauliza ni sura zipi za Qur'ani zilizopewa majina ya viumbe wadogo, na mtoto mmoja wa Bungoma akajibu bila kusita: ya Nyuki, ya Sisimizi na ya Buibui. Basi somo la madrasa likaendelea pale pale bila ubao wala bakora.

Nje ya jumba zimejengwa nyumba za asili za baadhi ya jamii za magharibi mwa Kenya, na ipo njia ya kutembelea inayopita katika msitu wa miti ya kienyeji. Hapo kina mama ndio waliokuwa wanafunzi wakubwa. Wale wa asili ya pwani walikuwa wakiuliza, na wale wa asili ya Bungoma wakijibu: kibuyu hiki ni cha maziwa, huoshwa hivi, chungu hiki ni cha kuhifadhia nafaka, moto huwekwa pale, na mama mkwe haketi upande ule. Mama mmoja wa Kibukusu, Muislamu wa kuzaliwa, ambaye vikaoni huwa kimya na huketi karibu na mlango, siku hiyo alizungumza kwa saa nzima. Wenzake walimfuata nyumba hadi nyumba. Tukasema nafsini mwetu: miaka yote hii tumeswali pamoja, na hatujawahi kumuuliza huyu mama chochote kuhusu kwao.

Swali la mtoto

Tulikaa chini ya mti kula chakula cha mchana. Binti wa Kisabaot aliyetuongoza aliketi nasi akawasimulia watoto habari za mapango ya Mlima Elgon. Aliwaambia kwamba katika pango la Kitum ndovu huingia gizani usiku na kukwangua kuta kwa pembe zao ili walambe chumvi. Aliwaambia pia kwamba zamani watu wa mlimani waliishi na ng'ombe wao ndani ya mapango. Kisha akaongeza, bila nia mbaya yoyote, kwamba wazee wa kwao husimulia jinsi watu walivyokuwa wakikimbilia mapangoni waliposikia kwamba misafara ya watu wa pwani yapita.

Palikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye babu yake alitoka Mombasa akaja huku kufungua duka. Tangu asubuhi alikuwa kimya, na tulidhani ni uchovu wa njiani. Aliinua uso akauliza: "Maalim, hao waliokuja na misafara ni babu zetu?"

Watu wazima wote wakanyamaza. Baadaye mama yake alitueleza kwamba shuleni mwenzake alikuwa amemwambia kuwa watu wa kabila lake ndio waliowauza watu wa huku, naye aliibeba kauli hiyo kwa wiki kadhaa bila kumwambia mtu.

Wasomaji wetu, hatutaficha. Mdomoni mwetu palikuwa na majibu matatu mepesi. La kwanza, kwamba Wazungu walifanya makubwa zaidi. La pili, kwamba hata bara walikuwako waliouza watu wao. La tatu, kwamba misafara hiyo hiyo ndiyo iliyoleta dini. Kila moja lina ukweli ndani yake. Lakini tulipomtazama yule mtoto machoni tuliona kwamba kila moja tungelitumia kama pazia, naye alikuwa ameomba dirisha.

Tulimjibu: "Ndiyo, mwanangu. Baadhi yao walikuwa babu zetu."

Kisha tukamweleza yale tunayoyajua. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika sehemu hizi. Mumias, kwa Nabongo Mumia, palikuwa kituo kikubwa cha kupumzikia na kununulia chakula kabla ya kuelekea Elgon na Karamoja. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipofika huku mwaka 1883, katika safari yake alifuatana na Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia za bara. Kwa njia hizo hizo ulikuja Uislamu, na ndiyo sababu hata leo Mumias pana misikiti na familia kongwe za Kiislamu. Mali iliyotafutwa zaidi katika njia hii ya kaskazini ilikuwa pembe. Lakini pembe zilibebwa mabegani mwa watu, na si wote waliobeba kwa hiari yao. Wako waliokamatwa, wako waliouzwa, na wako ambao hawakurudi. Kitale kwenyewe wenyeji husimulia habari za duara la mawe walimokuwa wakizuiliwa watumwa wa misafara.

Tulimwambia pia kwamba dini yetu ilifungua milango mingi ya kumwacha mtumwa huru: imefanya kuwa kafara ya makosa, imefanya kuwa moja ya mafungu ya zaka, na Bilal, aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyeinuliwa kuwaadhinia watu. Wengi waliovaa kanzu kama tunazovaa waliiona milango hiyo wakaipita. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa kushurutishwa, na pwani ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Huo si muda mrefu. Wako kati yetu waliolelewa na bibi waliozaliwa kabla ya hapo.

Mwisho tulimwambia lile lililo muhimu kwa mtoto: hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa dhambi ya nafsi nyingine. Wewe hukumuuza mtu. Hutaulizwa kwa waliyoyatenda wao. Lakini ukijua kisha ukakataa kwamba lilikuwa, au ukamcheka anayelikumbuka, hilo litakuwa lako.

Tulipomaliza, yule mama wa Kibukusu, akiwa bado ameshika kikombe cha chai, alisema: "Sheikh, na sisi kwetu tuliambiwa. Nilikuwa nangojea siku ambayo nyinyi mtalisema wenyewe."

Maneno hayo yalituingia. Kwa miaka mingi tumewasomesha watoto historia ya kuenea kwa Uislamu katika Afrika Mashariki. Tumewatajia misafara kama kwamba ilibeba misahafu na tasbihi peke yake. Hatukusema uongo, ila tulichagua. Na kila mwaka mama yule alikuwa akiketi karibu na mlango, akisikia yale tuliyochagua.

Nanyi mnaopita Ngomeni

Ndugu zetu wa Mombasa, huenda mkasema kwamba haya ni ya Suam na Kitale. La, yaanzia kwenu. Wangapi kati yenu mnapita Ngomeni kila wiki mkielekea sokoni au hospitalini, na hamjaingia ndani tangu safari ya shule ya msingi? Ngome ile ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Ilizingirwa tangu 1696 hadi 1698, ikaangukia mikononi mwa Waomani. Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani ya kuta moja mwanao ataona ushindi, usaliti, njaa, imani na kifungo. Mwacheni aulize nani alikuwa nje ya kuta na nani alikuwa ndani, na nani alizijenga.

Na wangapi mnaomwambia kondakta "Kengeleni, shukisha", na hamjamweleza mtoto kengele hiyo ni ya nini? Ni kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Makumbusho mengine hayana kuta wala mlango wa kulipia. Ni kituo cha matatu, na jina lake latosha kuanzisha mazungumzo kutoka hapo mpaka nyumbani.

Watu wa Lamu nao wana makumbusho ambamo zimehifadhiwa siwa mbili, ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, na ipo nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa kama zilivyokuwa nyumba za zamani. Mama akiingia mle na binti yake, akamwonyesha vidaka ukutani na akamweleza kwa nini chumba cha ndani kiliitwa ndani, amemfundisha jambo ambalo hakuna mwalimu wa shule atakayemfundisha.

Hapa pana jambo la kutuuma. Wakati tunasitasita kuingia makumbusho, wanunuzi wa vitu vya kale hawasiti kuingia majumbani mwetu. Kasha la bibi, mlango wa nakshi, hati za mkono za babu aliyekuwa kadhi au mwalimu: mtu huja na noti chache, na kwa kuwa watoto hawajui ni nini, kitu hutoka. Majirani zetu Wamijikenda wamelionja hilo. Mwaka 1985 viliibwa vigango viwili vya familia moja, vikapatikana Marekani, na havikurudi Kenya mpaka mwaka 2007. Sisi hatuna itikadi ya vigango, lakini wizi ni wizi, na kumbukumbu ya jirani ina heshima yake. Katika msafara wetu alikuwako mama mwenye kasha la nyanyake lililojaa barua na vitabu kwa hati za Kiarabu. Alikuwa amekwisha kukubaliana bei na mnunuzi. Tuliporudi alimpigia simu akamwambia limekwisha kupata mwenyewe. Mnunuzi akauliza nani. Akamjibu: "Binti yangu."

Kwa wanaotaka kutoka

Baada ya safari yetu tumepata maswali ya namna ya kujiandaa. Tunayasema machache tuliyojifunza.

Nendeni kwa kundi, kwa idhini na mashauriano ya nyumbani, na kila mama mmoja apewe watoto wanne au watano anaowajua kwa majina. Pigeni simu mapema kuuliza saa za kufunguliwa na ada. Raia hulipa kidogo kuliko wageni, na watoto chini ya watu wazima. Malipo ya makumbusho ya taifa siku hizi hufanywa kwa simu kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, kwa hivyo msifike na noti mkononi kisha mkarudishwa. Ombeni mwongozaji. Bila mwongozaji watoto huona vioo tu.

Pangeni sala kabla ya kupanga chakula. Sisi tuliingia asubuhi, tukatoka kwa adhuhuri katika msikiti wa mjini, ndipo tukaanza safari ya kurudi. Wakumbusheni watoto adabu: hawagusi, hawapigi kelele, na hawacheki mila ya mtu. Hili la mwisho ni zito kuliko yote mawili ya kwanza. Mtoto anayecheka nyumba ya jirani yake leo atacheka sala ya jirani yake kesho, na jirani atacheka yake.

Kila mtoto apewe kazi moja: achague kitu kimoja, akitazame vizuri, na jioni awasimulie waliobaki nyumbani. Mwenye kutazama vitu mia hakumbuki hata kimoja.

Na wale watakaojaaliwa kufika Nairobi, jumba kubwa liko Museum Hill, lilipofunguliwa mwaka 1930 likiitwa Coryndon Museum. Watoto watapenda kumwona Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970 kwa sababu ya ukubwa wa pembe zake, naye akafa kifo cha uzee mwaka 1974. Baada ya kuyajua ya misafara, pembe za ndovu aliyeachwa afe kwa ajali yake mwenyewe zina somo lake. Watakuta pia habari za mifupa ya kale sana, kama ile ya mvulana iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu karibu na Ziwa Turkana mwaka 1984. Wazazi wengi hukiogopa chumba hicho. Rai yetu ni kwamba msikikimbie. Itikadi yetu juu ya kuumbwa kwa Adamu (a.s.) inajulikana, nayo haitikisiki kwa kutazama mfupa. Mweleze mtoto wanayosema wataalamu, mweleze tunayoamini, na umwache aone kwamba mzazi wake haogopi swali. Mtoto anayeona mzazi anakimbia swali, huenda kulijibu kwa mtu mwingine.

Kurudi nyumbani

Tulifika Suam jua likizama nyuma ya mlima. Watoto wadogo walikuwa wamelala mapajani. Yule msichana alikaa dirishani karibu na mama wa Kibukusu, na njia nzima tuliwasikia wakizungumza, mama akimtajia majina ya miti na ya vijito, naye akiyarudia mpaka akayapatia.

Shule zilipofunguliwa alikuja madrasa siku ya Jumamosi, na baada ya darasa akabaki nyuma. Alisema alimwendea yule mwenzake aliyemwambia maneno, akamwambia: "Ulilosema lilikuwa kweli kwa baadhi, na nimelisikia, na naomba usiniite kwa jina hilo tena." Tukamuuliza mwenzake alijibu nini. Akasema hakujibu kitu, ila siku ya pili yake aliketi naye wakati wa chakula.

Katika madrasa yetu somo la historia limebadilika. Lina kurasa mbili zaidi, na tulimwomba yule mama wa Kibukusu aje kulisoma pamoja nasi kabla halijafundishwa. Alisahihisha mahali patatu. Kina mama wamekwisha kuanza kuchanga tena, na safari hii wamesema watakwenda Mumias, kisha vilima vya Chetambe karibu na Webuye, ambako Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Nairobi itafuata, Mungu akipenda.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kutazama na masikio ya kusikia, atusamehe sisi na wazazi wetu, na awape watoto wetu ujasiri wa kuuliza na sisi ujasiri wa kujibu. Wabillahi tawfiq.